Daktari wa Wanyama Anajibu: Pitisha mkono mbavuni kwanza

Barua za safari hii ni nyingi, na karibu zote zinauliza, "Daktari, nimpe chakula gani?" Anayeuliza "nimpe kiasi gani?" hayupo. Nimechagua chache. Waliotuma kurasa tatu wanisamehe, mkasi wangu hauna huruma.

*Shikamoo daktari. Nina mbwa jike wa miaka sita, alifungwa kizazi akiwa mdogo. Ana kilo 14 na anazidi kunenepa, ngazi sasa zinamshinda. Namlisha kikombe kimoja cha chakula kikavu asubuhi na kimoja jioni, wala hapati kitu kingine. Je, si tezi hiyo? – Baba wa Wawili*

Marahaba. Tezi ya shingoni, ile inayoongoza kasi ya mwili kutumia chakula, inawezekana, na kipimo cha damu kitasema. Ila kabla ya kumchoma mnyama sindano nilikuomba upime hicho kikombe kwenye mizani ya jikoni, nawe ukafanya, ahsante sana. Kumbe ni kile kikombe kikubwa cha kunywea, na ukikijaza mpaka kilima kinachukua gramu 140. Mara mbili kwa siku ni gramu 280. Mfuko wako umeandikwa kalori 350 kwa kila gramu 100. Kwa hiyo "kikombe tu" ni kalori 980.

Sasa tuone anachohitaji. Hesabu tunayoanzia ni hii: uzito kwa kilo, uupandishe kwa kipeo cha 0.75, kisha uzidishe kwa 70. Kikokotoo cha simu kinaiweza. Mbwa wa umbo lake, kwa picha ulizotuma, angepaswa kuwa na kilo 11 hivi. Kwa kilo 11 unapata kama kalori 420, nazo ni za kuuendesha mwili tu ukiwa umejilaza. Mbwa mzima aliyefungwa kizazi, mwenye pilika za kawaida, tunamzidishia kwa 1.6, ndiyo kusema kalori 675 au zaidi kidogo. Wako anakula 980, na hapo sijahesabu mkono wa chini ya meza. (Najua, "wala hapati kitu kingine." Lakini una watoto wawili, na katika picha zako zote za mezani mbwa amelala chini ya kiti cha yule mdogo. Mbwa si mjinga. Muulize mtoto kwa upole.)

Mizani ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni mkono wako. Kunja ngumi, upitishe kidole cha mkono wa pili juu ya vifundo. Mbavu zikihisika hivyo, mnyama amekonda. Fungua kiganja, ubonyeze ile nyama iliyo chini ya kidole gumba. Ukilazimika kubonyeza namna hiyo ndipo uupate ubavu, amenenepa. Halafu nyoosha mkono na upapase mgongo wa mkono huo: mifupa unaihisi mara moja, ina kifuniko chembamba juu yake. Hapo ndipo tunapopataka. Kisha msimamie ukimtazama kutoka juu, uone kama nyuma ya mbavu kuna kiuno. Kwenye kipimo chetu cha 1 hadi 9 tunalenga 4 au 5. Wako nadhani yuko 7, ila mkono uko kwako, si kwangu.

Ili apungue, tuanze na kalori 420 kwa siku, umgawie milo miwili. Kwa chakula ulicho nacho ni gramu 120, na utashtuka jinsi zinavyoonekana chache bakulini. Kwa hiyo ningependa ubadilishe taratibu, kwa siku 7 hadi 10, uhamie chakula kilichotengenezwa kwa ajili ya kupunguza uzito. Hicho kina kalori chache lakini protini na madini hayakupunguzwa pamoja nazo, nalo bakuli halitakuwa la msiba. Vitafunwa visizidi sehemu moja ya kumi ya kalori za siku. Kwake ni kalori 42, na kipande kimoja chembamba cha jibini kinazipita. Mpime kila wiki. Akipungua kati ya gramu 140 na 280 kwa wiki mambo ni mazuri, na kilo tatu zitachukua kama miezi mitatu hadi mitano. Wiki sita zikipita mizani haijasogea, na mtoto ameapa kwamba mkono wake ni safi, njoo tupime hiyo tezi.

Ukiona namwonea mbwa wako, kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2002 wa mbwa 48 aina ya Labrador. Waliwekwa wawili wawili kutoka uzao mmoja, mmoja akila robo pungufu ya mwenzake maisha yao yote. Nusu ya wale wa sahani kubwa walikuwa wamekufa kufikia miaka 11.2. Kwa wa sahani ndogo, nusu walifika miaka 13, na maumivu ya viungo yaliwaanza wakiwa wamechelewa.

*Daktari, nina mbwa wawili na paka mmoja. Paka ameamua mwenyewe kula bakuli la mbwa, na kwa kweli limenipunguzia kazi. Kuna ubaya? – Mvivu Kidogo*

Upo, na hautauona leo wala mwezi ujao, ndiyo maana watu hawaniamini.

Mbwa anakula nyama lakini wanga anaumudu. Paka ni mla nyama wa kuzaliwa na hana njia ya pili. Kuna kitu kinaitwa taurini, kinapatikana kwenye nyama na kwa wingi zaidi kwenye moyo. Mbwa wengi huitengeneza wenyewe mwilini kutokana na protini nyingine. Paka anatengeneza kidogo mno, kwa hiyo lazima aile. Akiikosa kwa miezi, nyuma ya jicho panaanza kufa na anapofuka. Moyo nao unalegea, unatanuka kama mfuko uliochoka, unashindwa kusukuma damu. Vyakula vya mbwa havilazimiki kuongezwa taurini.

Mwaka 1987 Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba paka waliokuwa wakifa kwa ugonjwa huo wa moyo walikuwa wamepungukiwa taurini, tena wengi wakila chakula cha dukani kilichoitwa kamili. Walipoongezewa, mioyo ikaanza kurudi. Viwanda vikapandisha kiwango, na leo ugonjwa huo kwa paka wanaokula chakula chao wenyewe ni nadra. Macho hayarudi, lakini.

Paka wako ameonja bakuli la jirani mara moja? Hana neno. Ameligeuza kuwa chakula chake? Weka lake juu ya rafu au kabati, mahali anaporuka yeye na mbwa hawafiki. Mwenyewe ataona amepandishwa cheo.

*Daktari, paka wangu dume anaingia kwenye sanduku la mchanga kila dakika, anajikamua, analia, hatoki kitu. Nadhani chakula kikavu kimemfunga choo. Nimpe mafuta kijiko kimoja? – Mwenye Wasiwasi*

Hii sikuijibu kwa barua. Niliiona saa mbili asubuhi, nikampigia simu mwenyewe, kabla ya saa tano paka alikuwa mezani, na kibofu chake ukikishika kupitia tumboni kilikuwa kigumu kama chungwa. Haikuwa choo hata kidogo, mkojo ndio ulioziba.

Naichapisha kwa sababu kila mwaka kuna anayempa paka mafuta, anasubiri hadi kesho yake, na kesho yake tunakuwa tumechelewa. Mrija wa mkojo wa paka dume ni mwembamba. Chembechembe zikikusanyika pamoja na ute, unaziba. Sumu na potasiamu hupanda kwenye damu, na ndani ya siku moja au mbili moyo unaweza kusimama. Paka dume anayejikamua bila kutoa tone anapelekwa hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Sasa chakula. Kikavu peke yake hakikumziba, maana kuna msongo, unene na mengine. Lakini tazama maji. Paka wa kilo nne anaweza kushiba siku nzima kwa gramu 60 za chakula kikavu, na ndani yake mna maji kama mililita 6, kijiko kidogo tu. Mlishe badala yake gramu 250 za chakula cha kopo chenye maji asilimia 78, amekula mililita 195 bila kuinama kwenye bakuli la maji. Paka ametokana na paka-mwitu wa nyika kavu, kiu yake ni ndogo, na akila kikavu hanywi vya kutosha kuifidia tofauti yote hiyo. Kwa huyu nimeagiza kopo, mabakuli matatu mapana ya maji vyumba tofauti, na hakuna bakuli la maji karibu na sanduku la mchanga. Wewe ungekunywa chooni?

*Chakula cha kopo kina protini asilimia 10, kikavu kina 32. Si tunanunua maji? – Mhasibu*

Mhasibu, umesahau kutoa maji kabla ya kulinganisha. Kopo la maji asilimia 78 limebaki na 22 za chakula chenyewe. Kumi gawanya kwa 22 ni kama asilimia 45. Kikavu kina maji asilimia 10, kimebaki na 90. Thelathini na mbili gawanya kwa 90 haifiki 36. Kopo limeshinda. Ukishamaliza hesabu, tafuta kwenye lebo neno "kamili" na umri uliotajwa. Kikiandikwa "cha nyongeza," ni cha nyongeza kweli, hata picha ya paka aliye juu yake iwe na afya namna gani.

*Shikamoo daktari. Mtoto wetu wa mbwa ana miezi minne, ni wa aina kubwa. Hatutaki chakula cha viwandani, tunampikia nyama isiyo na mfupa na wali, tena nyama nzuri kuliko tunayokula sisi. Wiki hii anachechemea, miguu ya mbele imepinda, tukimnyanyua analia. – Mama Mpishi*

Marahaba, mama. Mlete kesho, na mpaka hapo asiruke wala kupanda ngazi. Nahofia mifupa yake imekuwa laini, na mfupa laini unavunjika kwa kuruka tu kutoka kwenye kochi.

Si nyama mbaya. Ni nyama peke yake. Mtoto wa mbwa anahitaji kalsiamu zaidi kidogo kuliko fosforasi. Nyama bila mfupa ina fosforasi mara 15 hadi 20 ya kalsiamu, na wali hausaidii. Mwili hauwezi kukaa bila kalsiamu kwenye damu, kwa hiyo unakwenda kuikopa kwenye mifupa, kila siku, mpaka mifupa inabaki maganda. Kwenye picha ya eksirei unaiona mieupe hafifu, kama imechorwa kwa penseli iliyokwisha.

Mkifika tutampiga picha, tutatuliza maumivu, na atahamia chakula kamili cha watoto wa mbwa wa aina kubwa. Tafadhali usikimbilie unga wa kalsiamu kwa kujikadiria. Kwa aina kubwa kalsiamu ikizidi nayo inaharibu ukuaji wa mifupa. Wengi wadogo namna hii hunyooka vizuri tukiwahi.

Na kupika? Sikukatazi kwa siku zijazo, ila kwa fomula iliyopigwa hesabu na mtaalamu wa lishe ya wanyama, na uifuate gramu kwa gramu. Mwaka 2013 watafiti wa Davis, chuo kilekile, walichapisha uchambuzi wa mapishi 200 ya nyumbani ya mbwa wazima, ya vitabuni na mtandaoni. Asilimia 95 yalipungukiwa kirutubisho kimoja au zaidi. Mengine yaliandikwa na madaktari wenzangu.

Wala mimi sina pa kujificha. Nikiwa mwanafunzi nilikuwa na paka mweupe niliyemwita Pamba, naye alipenda maini. Nikampa maini, kila siku, kwa mwaka mmoja na zaidi, nikijisifu kwamba paka wangu anakula vinono. Baadaye manyoya ya mgongoni yakaanza kusokotana kama mkeka mkuukuu. Nikamchana, nikamwita mvivu. Siku moja nikamwona anataka kujilamba bega, shingo haigeuki, ulimi unalamba hewa. Mwalimu wangu alimpiga picha, akaibandika kwenye taa, akatoka chumbani bila kusema neno. Pingili za shingo zilikuwa zimeungana, mfupa mpya umezijenga kama saruji. Maini yana vitamini A nyingi mno. Paka hawezi kuitengeneza kutoka kwenye rangi ya karoti, anahitaji iliyo tayari, lakini ikizidi hana pa kuitupa. Nilimwachisha maini, maumivu yakapungua. Shingo ilibaki vilevile, na mimi ndiye nilikuwa namchana mgongo hadi alipokufa mzee. Ndiyo sababu siwezi kukucheka, mama.

Za harakaharaka

*Kitunguu saumu kwa minyoo?* Hapana. Kitunguu saumu na vitunguu vyote, vibichi, vilivyopikwa au vya unga, huharibu chembe nyekundu za damu, na paka anaumia kwa kiasi kidogo zaidi. Kuna dawa ya minyoo.

*Maziwa ya ng'ombe kwa paka mkubwa?* Wengi wanaharisha, uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa hupungua ukubwani. Na kwa watoto wa paka wasio na mama hayatoshi, tumia maziwa maalumu. Unapowanyonyesha, walale kifudifudi, usiwalaze chali kama mtoto mchanga wa binadamu, maziwa yataingia mapafuni.

*Paka wangu anapenda aiskrimu kwa sababu ya utamu.* Hausikii utamu. Jeni moja ya kipokezi cha utamu kwa paka imeharibika, jambo lililojulikana mwaka 2005. Anafuata mafuta.

*Mbwa amekula chokoleti / zabibu / bazoka isiyo na sukari.* Chukua karatasi iliyobaki, piga simu ukiwa njiani. Chokoleti kadiri ilivyo nyeusi ndivyo ilivyo mbaya. Zabibu, mbichi au kavu, zimewahi kuua figo za mbwa. Bazoka isiyo na sukari mara nyingi huwa na zailitoli, kitamu kinachowekwa badala ya sukari, na hiyo huangusha sukari ya damu ya mbwa ndani ya saa moja. Tazama hata kopo la siagi ya karanga kabla hujamlambisha.

*Mifupa?* Iliyopikwa hapana, inapasuka vipande vyenye ncha. Na ule mfupa wa duara wenye uboho nimewahi kuukata kwa msumeno kutoka kwenye taya ya chini ya mbwa. Ulikuwa umemvaa nyuma ya meno ya chonge kama pete, naye ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemvisha.

*Samaki mbichi kila siku kwa paka?* Samaki wengi wakiwa wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Paka anaanza kuyumba, kichwa kinainamia kifuani. Wapike, na wasiwe chakula cha pekee.

*Daktari, paka wetu ana miaka 15. Tangu jana anakwenda kwenye bakuli, ananusa, anaondoka. Watoto wanasema anaringa. – Bibi wa Paka*

Shikamoo bibi. Haringi. Paka anayekuja kwenye bakuli, ananusa na kuondoka, mara nyingi anataka kula ila kuna kitu kinamkataza, ndiyo tofauti yake na yule anayejificha chini ya kitanda asitoke kabisa. Mfungue mdomo taratibu kwenye mwanga: fizi nyekundu, jino linalolegea, harufu ya kuoza. Jino bovu peke yake linatosha. Kama hakuna kitu mdomoni, tunafikiria figo, ambazo kwa paka wa umri huo huchoka mapema kuliko viungo vingine. Kichefuchefu chake ndicho hicho cha kunusa na kugeuka. Umesema pia anakunywa maji sana siku hizi, na hilo limeniongezea shaka.

Leo jioni pasha chakula cha kopo kiwe na uvuguvugu wa mwili, si moto. Harufu ikipanda, pua ya kizee inaisikia. Tumia kisahani kipana ili ndevu zisiguse kingo, ukiweke mbali na kelele, kisha uondoke usimsimamie. Usimlazimishe kwa bomba la sindano, atakichukia hicho chakula hata akipona. Na usichanganye dawa yoyote ya maumivu ya binadamu, paracetamol hasa, maana kidonge kimoja kinatosha kumuua.

Paka asipokula, mafuta ya mwili yanakimbilia kwenye ini na kuliziba, na wanene ndio wanaowahi zaidi. Jana hakula, leo ni siku ya pili. Kesho asubuhi kama kisahani bado kimejaa, mweke kwenye kikapu uje naye, usisubiri toleo lijalo.